Mbasa hawali: utatuzi wa matatizo ya kuvua Ziwa Nyasa mwishoni mwa kiangazi

Upepo wa mwera, ule utokao kusini, ukishatulia, kuanzia Septemba hivi hadi mvua za kwanza, malalamiko kwenye mialo ya Kyela huwa yaleyale mwaka baada ya mwaka. Ukiwa Matema, Ikombe au Itungi utayasikia: ziwa limetulia, jua ni kali, na mbasa hawali. Mmoja anarudi na ndoano kavu. Mwingine samaki anamchomoka akiwa amebakiza mita mbili kufika mtumbwini. Wa tatu anapata, lakini samaki anafika Kyela mjini amelainika na bei imeanguka.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda kwenye dalili inayokusumbua, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi, kisha shuka. Usinunue kifaa kipya kabla hujamaliza ukaguzi usiogharimu kitu. Nimewaandikia zaidi wanaorambaza, yaani wanaokokota mshipi na ndoano nyuma ya chombo, wakiwa kwenye mtumbwi wa makasia au boti ndogo yenye injini. Mwenye nyavu asome hasa sehemu ya mwisho.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Wageni humwita mbasa samoni wa ziwa kwa sababu ni mwembamba, ana rangi ya fedha na hupanda mto kuzaa. Hana undugu na samoni, wala na trauti waliopandikizwa kwenye maji baridi ya Mufindi. Yeye yumo kundi moja na ningu. Hapatikani kwingine duniani ila katika ziwa hili na mito inayoingia humo. Akishakua, chakula chake kikuu ni usipa, yule samaki mdogo kama dagaa. Kwa hiyo karibu kila jibu hapa chini linaanzia kwa usipa: yuko wapi leo, ana ukubwa gani, yuko kina gani.


DALILI YA 1: Umerambaza asubuhi nzima na hakuna hata mguso

Hii ndiyo inayoongoza, na ina sababu nyingi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza: umechelewa kuingia majini. Mbasa huwinda kwa macho. Mwishoni mwa kiangazi mito imepungua, haileti tope, na maji ya ziwa ni meupe kiasi cha kuona kasia lote hadi ncha. Jua likipanda, mbasa anamwona mvuvi, anauona mshipi, na usipa mwenyewe ameshashuka. Mshipi wako uwe majini kabla jua halijachomoza, na uingie tena saa kumi na moja jioni. Walioko Matema na Ikombe wana nafuu: Milima ya Livingstone iko mashariki yao na inachelewesha jua kugusa maji, hivyo wanapata muda mrefu zaidi wa mwanga hafifu kuliko aliyeko Itungi. Utumieni muda huo. Kuingia saa mbili asubuhi na kurudi saa saba mchana ni kulipwa jasho tupu.

Sababu ya pili: unavua mahali ambapo usipa hayupo. Wavuvi wengi hurudi pale walipopata mwezi uliopita. Usipa hana shamba. Leo yuko karibu na Ikombe, kesho kutwa yuko mbele ya mlango wa Mto Mbaka. Fanya hivi kabla ya kuchagua mwelekeo:

– Jioni iliyotangulia, simama ufukweni utazame taa za wavuvi wa usipa. Zikirundikana sehemu moja na zikakaa hapo muda mrefu, hapo pana samaki. Zikihamahama, nao wanatafuta.
– Alfajiri wasubiri wanaporudi. Waulize maswali mawili tu: wamemaliza wapi, na usipa alikuwa mkubwa au mdogo. Mwenye heshima hujibiwa. Shikamoo haigharimu kitu, na mzee aliyekesha ziwani anajua zaidi ya kipimo chochote cha betri.
– Ukiwa majini, tafuta ndege. Wakiwa wanazunguka juu bila kushuka, usipa yupo lakini yuko chini. Wakiwa wanajitupa majini, yuko juu na kuna kitu kinamsukuma kutoka chini.
– Angalia mwezi. Taa hazina nguvu usiku wa mwezi mpevu, wavuvi wengi wa usipa hubaki nyumbani, na hutapata taarifa. Siku hizo tegemea macho na ndege.

Tahadhari moja ndogo: ukiona kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji mbali na nchi kavu, hakuna boti inayoungua. Ni kungu, vile vijidudu vinavyotoka majini kwa mamilioni. Vinapotua mtumbwini funika pua na mdomo na uondoke njiani mwao, maana vinaingia hadi kooni. Havikuambii lolote kuhusu mbasa, ingawa wapo watakaokuapia kwamba vinakuambia.

Sababu ya tatu: unavua juu mno. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mwezi Julai mshipi uleule, bila risasi yoyote ya kuuzamisha, ulileta samaki.

Kilichobadilika ni maji. Wakati wa mwera, kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini unayachanganya maji ya juu na kuyapoza hadi karibu nyuzi 23 au 24. Upepo ukikata na jua likishika, maji ya juu yanapanda hadi nyuzi 27 au 28 na kuelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Kati yake kuna mpaka. Samaki anaweza kushuka hadi karibu na mpaka huo mchana kutwa na kupanda tu mwanga unapofifia. Isitoshe, mwera unapovuma husukuma maji ya moto kuja upande wetu wa kaskazini na kuukandamiza mpaka ule chini. Upepo ukiacha, mpaka hurudi juu polepole na hubembea kwa siku nyingi. Ndiyo maana unaweza kuoga Matema wiki hii maji yakiwa vuguvugu, na wiki ijayo yakakushtua kwa ubaridi bila mvua wala upepo. Siku ya maji baridi ufukweni ni siku ya kujaribu karibu na nchi kavu.

Jinsi ya kujaribu kina bila mashine: anza na mita 5 alfajiri. Kila nusu saa isiyo na mguso, ongeza mita 5, mpaka ufike 25 au 30. Ukipata mguso, rudia kina kilekile ukipita mahali palepale kwa mwelekeo uleule. Usiende mbali zaidi chini kwa tamaa. Ziwa hili lina kina cha mita 700 na ushee, lakini chini ya mita 200 na kidogo maji hayana hewa kabisa na hakuna samaki anayeishi humo.

Sababu ya nne: mshipi mnene au unaong'aa. Wengi hutumia nailoni nene ya kambare kwa hofu ya kukatikiwa. Mbasa hana meno kwenye taya za mbele, kwa hiyo huhitaji waya wala nailoni ya kuvutia ng'ombe. Milimita 0.35 hadi 0.40 inatosha, na mita mbili za mwisho zinaweza kuwa nyembamba zaidi.

Sababu ya tano: mwendo. Mbasa ni mwepesi na anazoea usipa anayekimbia. Mtumbwi wa makasia ukichoka unakokota kijiko, yaani kile chambo cha bati kinachong'aa, chini kama jani lililokufa. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka unafaa. Ukiwa na injini, usizidishe mpaka samaki wa bandia akaanza kuruka juu ya maji. Badilisha mwendo kila baada ya muda na kata kona mara kwa mara: mshipi wa upande wa ndani wa kona hushuka na kupunguza mwendo, wa nje hupanda na kuongeza. Angalia ni upi unaoguswa, ndio unaokuambia unachokosea.


DALILI YA 2: Umeongeza risasi lakini huna hakika mshipi umefika wapi

Sababu ni moja karibu kila mara: unapima urefu wa mshipi ulioachia ukidhani ndicho kina. Mshipi unaokokotwa hulala. Ukiingia majini kwa mlalo wa nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45, kina hakizidi sehemu saba kwa kumi za urefu uliotoa. Ukilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa maji, kina ni kama nusu tu. Aliyeachia mita 40 akidhani yuko mita 40, huenda yuko 20.

Tiba ni rahisi: funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila baada ya mita 5, rangi tofauti kwa 10, 20 na 30. Kisha ongeza uzito wa risasi badala ya kuongeza urefu wa mshipi, mpaka mlalo upungue. Risasi ikae mita tatu hivi mbele ya ndoano, isimtishe samaki.

Kama mshipi unajisokota wenyewe, kijiko chako kinazunguka na huna kiungo kinachozunguka kati yake na mshipi, au unacho na kimeshika kutu. Kizungushe kwa vidole. Kikigoma, kitupe.


DALILI YA 3: Usipa wanaruka mbele yako, ndege wanashuka, lakini mbasa hawagusi chambo chako

Hili linauma kuliko ziwa tupu. Sababu, kwa mpangilio:

Umepita katikati ya kundi. Ukipitisha mtumbwi juu ya usipa, kundi linazama na mbasa wanaondoka nalo. Pita pembeni, mita 30 au 40, kisha kata kona ili mshipi ndio upite ukingoni mwa kundi na wewe ubaki mbali. Mwenye injini aizime mapema na asogee kwa kasia. Ndoo inayogongwa sakafuni nayo inasikika chini.

Chambo chako ni kikubwa kuliko usipa wa siku hiyo. Chota usipa mmoja au omba mmoja kwa wenye taa, mweke kando ya samaki wako wa bandia. Urefu ulingane, au kijiko kiwe kifupi kidogo. Usipa wakiwa wadogo, wembamba na wanaoonekana hadi uti wa mgongo, kijiko cha sentimita 9 ni kichekesho kwao. Tumia cha 4 au 5. Rangi ya fedha tupu inatosha. Kijiko kilichofifia sugua kwa majivu na kitambaa.

Wanaomsukuma usipa si mbasa. Ziwa lina samaki wengine wala nyama, na wengine hawataki kitu kinachokimbia. Teremsha ndoano yenye usipa halisi wima bila kukokota. Ukipata kambare, umepata jibu na kitoweo.


DALILI YA 4: Wanagusa, wanashika, kisha wanachomoka

Angalia ndoano kwanza. Iweke ncha kwenye ukucha wa kidole gumba na uivute kidogo. Ikiteleza ni butu. Ikinasa ni kali. Ndoano za bei nafuu huja butu tangu dukani na nyingine hunyooka samaki akivuta. Tumia tupa, jiwe la kunolea, chochote, lakini noa kila asubuhi.

Pili, mkono. Mbasa anaposhika huja na kasi yake mwenyewe; ukimnyakua kwa nguvu unapasua mdomo, na mdomo wake ni mwororo. Acha mwendo wa mtumbwi umnase, kisha vuta kwa mfululizo bila kulegeza hata mara moja. Anaporuka juu, shusha mkono usimkaze. Wengi hupotea pale mvuvi anapoacha mshipi ili ashike kasia. Kama mko wawili, mmoja avute na mwingine aendelee kupiga kasia taratibu mbele.

Tatu, pembeni mwa mtumbwi. Usimwinue kwa mshipi. Tumia wavu wa mkono, uutangulize majini na umwongoze samaki aingie kichwa kwanza.

Nne, fundo. Mshipi ukirudi na ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu. Mshipi ukirudi umekatika kwa ncha iliyochakaa, ulikwaruzwa na mwamba. Upande wa Ikombe mawe yanaingia moja kwa moja majini, kwa hiyo kagua mita tano za mwisho kwa vidole kila unapotoka huko.


DALILI YA 5: Maji yamebadilika rangi usiku mmoja

Kama ni Oktoba au Novemba na maji mbele ya mlango wa mto yamekuwa ya udongo huku kwenu hakujanyesha, mvua imenyesha juu. Kiwira inatoka kwenye nyanda za Rungwe, inapita Daraja la Mungu karibu na Tukuyu, na inafika Kyela ikiwa bado ni baridi kuliko ziwa. Maji hayo baridi yenye tope ni mazito, kwa hiyo hayatandazi juu ya ziwa muda mrefu. Yanazama chini ya maji ya moto. Utaona mstari: upande mmoja kahawia, upande wa pili kijani au bluu, na katikati povu, majani na vijiti vimejipanga. Hapo maji ya mto ndipo yanapopiga mbizi.

Usivue ndani ya kahawia. Mbasa haoni humo. Vua upande wa maji safi, sambamba na mstari, karibu kadiri uwezavyo, kuanzia mita 5 hadi 15. Kwa maoni yangu ndiyo nafasi bora ya mwaka mzima kwa mtu wa mshipi, na haidumu. Siku moja au mbili tope likiongezeka au likikata, mstari unavunjika.

Maji yakiwa ya kijani nzito kama supu ya mboga, yakiwa na utando na harufu, ondoka eneo hilo, usiyanywe wala kuyapikia, na usichukue samaki uliyemkuta amekufa akielea. Toa taarifa kwa afisa uvuvi.

ONYO: Milango ya Songwe na Kiwira ina mamba na viboko. Usiingie majini kunasua ndoano, usioshe samaki ukiwa umechuchumaa ukingoni, na usipite kati ya kiboko na kina kirefu. Mshipi ukikwama, ukate. Ndoano inanunulika.


DALILI YA 6: Ziwa lilikuwa shwari, sasa limeanza kuchafuka

Kwenye sehemu hii hakuna ukaguzi wa hatua kwa hatua. Kuna kuondoka.

Mwishoni mwa kiangazi hatari hujificha kwa sababu asubuhi ni tulivu kiasi cha kumfanya mtu aende mbali. Joto hujengeka, mawingu yanapanda juu ya Rungwe na juu ya Livingstone, na alasiri dhoruba inashuka na radi. Mwera nao huweza kurudi siku moja moja hata baada ya msimu wake. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na mawimbi ya mwera yanakuja na safari hiyo yote mgongoni mwao. Hapa kwetu ndipo yanapoishia.

Geuza chombo mara moja ukiona lolote kati ya haya: mstari mweusi juu ya maji upande wa kusini, vilele vya mawimbi vinaanza kuwa vyeupe, upepo wa ghafla wa baridi kutoka mlimani, au ngurumo ya kwanza, hata kama juu yako ni jua tupu. Usimalizie mzunguko wa mwisho. Ukiwa upande wa Ikombe kwenda Lumbila, kumbuka kwamba milima inaingia ziwani na sehemu za kutua ni chache. Zijue kabla ya kupita, na usitegemee mtandao wa simu chini ya majabali hayo.

Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unaotaja Ziwa Nyasa. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Lililokunjwa chini ya samaki halimwokoi mtu. Mwambie mtu nchi kavu unaelekea wapi na unarudi saa ngapi. Mtumbwi ukipinduka, ng'ang'anieni mtumbwi, msiogelee kutafuta nchi. Aliyebaki nchi kavu, chombo kikichelewa, asisubiri asubuhi: awaambie viongozi wa mwalo na apige 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Injini ikizimika katikati ya haya yote, teremsha nanga au kamba yenye ndoo mbele ili chombo kielekeze pua kwenye wimbi, ndipo uanze kukagua: tundu la hewa la kifuniko cha tangi limefungwa, bomba la petroli limebanwa, plagi imelowa. Kama injini inawaka lakini ule mchirizi wa maji wa kupoza hautoki, zima. Mara nyingi mfuko wa plastiki au uzi wa nyavu umeziba inapovutia maji. Ikishapata moto hadi kutoa harufu, usiilazimishe kwa kamba. Kasia hadi nchi kavu na umwite fundi.


DALILI YA 7: Samaki analainika kabla ya kufika sokoni

Mara tisa kwa kumi samaki aliachwa sakafuni mwa mtumbwi kwenye maji vuguvugu yenye damu. Samaki huyu ana mafuta, na joto la Kyela la Novemba halina huruma. Muue mara moja, mkate matamvua damu itoke, mtoe utumbo kabla hata hujafika mwaloni, kisha mweke kwenye kivuli. Kama una barafu, ivunje vidogo na ijaze tumboni. Barafu iliyo chini peke yake inapoza upande mmoja. Kama huna, majani ya mgomba yaliyolowa na upepo ni bora kuliko mfuko wa plastiki, ambao unampika.

Jicho likiwa limezama, matamvua ya kijivu na nyama ikibonyea bila kurudi, usimuuze na usimkaushe kuficha.


DALILI YA 8: Mvuvi mwenyewe anawashwa ngozi, au mkojo una damu

Ziwa letu lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Hakuna kuchunguza nyumbani, na hakuna dawa ya mizizi itakayokitoa. Nenda kituo cha afya ukapimwe mkojo na choo; dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Mtaje tabibu kwamba unaingia ziwani kila siku, na uwapeleke pia watoto wanaokusaidia kuvuta mtumbwi.


DALILI YA 9: Umefanya yote, na mlango wa mto uliokuwa na mbasa kila mwaka sasa ni mtupu

Hapa tatizo halimo mkononi mwako wala kwenye ndoano, na hakuna kijiko kitakacholitatua.

Mvua zinapokaribia, mbasa waliokomaa husogea mbele ya milango ya mito wakisubiri maji yapande. Kisha hupanda hadi kwenye changarawe safi penye maji yanayokimbia, hutaga humo, na wadogo hushuka baadaye ziwani. Kundi linalosubiri mlangoni mwezi Novemba ndilo mbasa wa miaka ijayo, limejikusanya sehemu moja, na mtu yeyote mwenye wavu anaweza kulimaliza.

Angalia sababu hizi, za kawaida zaidi kwanza:

Nyavu zimefunga mlango wa mto kutoka ukingo hadi ukingo, au makokoro yanavutwa ufukweni mbele yake. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinakataza kokoro, nyavu za nailoni ya uzi mmoja, sumu na baruti. Chandarua kilichogeuzwa wavu kinachukua hata kile kidagaa cha mbasa chenye milia ubavuni, kabla hakijawahi kuuona ukubwa.

Changarawe za kuzalia zimezikwa na tope. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, mvua ya kwanza inashusha udongo unaofunika mayai na kuyakosesha hewa. Anayelima mpunga au kakao kando ya Kiwira, Mbaka au Lufirio naye yumo katika uvuvi huu hata kama hajawahi kushika kasia.

Mchanga na mawe yanachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, na mahali pa kutagia panaondoka na lori.

Mto umehama au mlango umeziba kwa mchanga. Hili hutokea kwenye uwanda wa Kyela, na likiwa ndilo pekee, mvua nzuri hulifungua.

Unachoweza kufanya mwenyewe: kuanzia ngurumo za kwanza, acha mlango wa mto na uvue nje, kwenye ule mstari wa maji mawili niliousema. Ukimnasa jike mwenye tumbo lililojaa na hajaumia, lowanisha mikono kwanza, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mshike akielekea mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake. Najua ni pesa unaiachia. Nakusihi uiachie hata hivyo.

Usichopaswa kufanya: kukata nyavu za watu usiku au kwenda peke yako kugombana na wenye kokoro. Watu wanaumia kwa njia hiyo. Andika tarehe, saa, jina la mto, aina ya zana na idadi ya vyombo; piga picha ukiwa mbali kama ni salama. Peleka kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wako, na nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya. Kama ni mashamba au uchimbaji wa mchanga, pitia serikali ya kijiji na uombe afisa uvuvi aje pamoja na afisa mazingira. Peleka taarifa hiyo mwezi Septemba au Oktoba, mapema, ili doria ipangwe kabla mbasa hawajaanza kupanda.